Motokaa Haishiki Jembe

Mliokaa kaeni vizuri, mliosimama msiwazibe wenzenu, na kama kati yenu yumo mtumishi wa serikali, atulie tu, haya hayamhusu. Haya yalitokea Mwarandu. Mwarandu ni mbali sana, hata ukiitafuta huioni, na watu wake hawafanani na sisi hata kidogo, isipokuwa kwa sura, kwa chakula na kwa viongozi.

Basi, mjini Mwarandu alikuwako mjane mmoja aitwaye Bi Mwatime, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa na mlango mpana kuliko nyumba zote. Si kwa majivuno. Marehemu mumewe, Fundi Shauri, alikuwa seremala wa vitanda, na kitanda cha Mwarandu hutoka kwa fundi kikiwa kizima, maana kukiunganisha mbele ya bibi harusi ni kuikaribisha talaka. Kwa hiyo fundi aliweka mlango mpana wa mabawa mawili mbele ya nyumba, na mwingine wa upana huohuo kwenye chumba cha ndani alimokuwa akifanyia kazi. Ikifunguliwa yote, ng'ombe wawili wangepita sambamba huku wakizungumza.

Kitanda chake cha mwisho Fundi Shauri hakukiuza. Alikichonga maua kichwani na miguuni, akakiacha chumba cha ndani, akamwambia mkewe, "Hiki ni cha Nargisi. Siku yake ikifika, atakuja kujifungulia hapa." Nargisi ndiye binti yao wa pekee. Na mila ya Mwarandu, tafadhali msicheke, ni kwamba mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama, chumba cha ndani, chini ya dari. Akizaliwa kwingine huitwa mtoto wa njia, na mtoto wa njia hana kwao. Hapati posa ya maana, hazikwi na ukoo, na kwenye shughuli hupakuliwa baada ya paka.

Sasa fundi alikwisha kufa, na mimba ya Nargisi ilikuwa imeingia mwezi wake. Alikuwa njiani anatoka kwa mumewe huko Bondeni, amepandishwa punda mpole. Bi Mwatime alikuwa ameshafagia chumba, ametandika shuka jeupe, amefukiza udi mpaka majirani wakapiga chafya. Mwanamke huyu hakuwa na tamaa ya dunia. Alimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba mjukuu wake atoe kilio chake cha kwanza ndani ya chumba kile.

Wiki hiyohiyo ikatia nanga meli kutoka ng'ambo, akashuka Bwana Rumboldi, wakala wa motokaa.

Bwana Rumboldi alikuwa na kofia ngumu na meno mengi. Alikodi lililokuwa ghala la chumvi pale sokoni, akalitia dirisha la kioo kubwa kama ukuta, jambo ambalo Mwarandu haikuwahi kuliona. Watu walipita wakajiona wenyewe, wakaamkiana. Nyuma ya kioo aliiweka motokaa yake, nyekundu, imeng'arishwa, imekaa peke yake katikati ya duka. Akina mama wa sokoni walimwonea huruma. Muuza ndizi mwenyewe huanza na mkungu mzima, huyu maskini amevuka bahari na bidhaa moja!

Kila asubuhi alisimama mlangoni akahubiri. "Nchi bila motokaa," alisema, "si nchi. Ni mahali tu."

Maneno hayo yalifika ikulu kwa Mtukufu Mlezi wa Taifa, yakamchoma. Kwa muda mrefu Mtukufu alikuwa akishuku moyoni kwamba anatawala mahali tu. Akaagiza motokaa inunuliwe upesi kabla majirani hawajaijua. Washauri wakauliza kwa unyenyekevu itaendeshwa wapi, kwa kuwa Mwarandu ilikuwa na vichochoro na njia za mbuzi, barabara haikuwamo hata moja. Bwana Rumboldi akacheka kwa upole kama mtu aliyeulizwa na mtoto.

"Barabara huja zenyewe," akasema. "Nyinyi nunueni kwanza."

Ikanunuliwa. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba motokaa haina pa kulala. Nje haiwezi, mvua itaitia kutu na jua litaibabua rangi. Dukani haiwezi, maana, kwa maelezo ya Bwana Rumboldi, kitu kilichokwisha kuuzwa kikionekana dukani wateja huvunjika moyo. Ikulu nako haikuingia. Mlango wa ikulu ulijengwa mfupi na mwembamba kwa makusudi, ili kila aingiaye ainame na aingie ubavu, na motokaa, pamoja na sifa zake zote, haikujua kuinama.

Baraza la mawaziri likakutana kuamua kwanza hiki ni kitu gani. Waziri wa Bandari akasema ni mzigo. Akanyamazishwa, kwa kuwa mzigo hulipiwa ushuru na Mtukufu halipi ushuru. Waziri wa Mifugo akasema ni mnyama, si kinanguruma? Naye akanyamazishwa, kwa kuwa haiwezekani Mtukufu awe amenunua mnyama bila kumtazama meno. Ndipo akainuka Mheshimiwa Bakunde, Waziri wa Wageni na Mapokezi, mtu ambaye akisema "kwa kifupi" watu huagiza chai.

"Kwa kifupi," akasema, "ndugu zangu, tutazame ushahidi. Amekuja kwa meli. Ana mizigo yake. Ana cheti chenye jina lake na mji aliozaliwa. Anakunywa. Amevaa viatu vinne na amebeba cha tano cha akiba. Huyu si kitu, waheshimiwa. Huyu ni mgeni!"

Makofi yakapigwa mpaka vumbi likadondoka darini. Ikapitishwa kuwa kuanzia siku ile ni kosa la jinai kumwita Motokaa "kile" au "ile". Nami kuanzia hapa nitamwita yeye, nisije nikakamatwa bure na watoto wangu wadogo.

Kwa kuwa mgeni hulazwa nyumbani kwa mtu, wakatazama mjini pote mlango wa kumpitisha. Mnaujua mlango wenyewe.

"Hodi wenyewe!"

Bi Mwatime alikuwa uani anachambua mchele. "Karibuni," akaitikia bila kugeuka, kama tunavyoitikia sote.

Masikini, laiti angegeuka kwanza. Huko Mwarandu karibu ikishatoka mdomoni hairudi, ni sawa na saini. Alipofika mlangoni akaona tarumbeta, akaona askari, akaona kundi la watu linasukuma lidude jekundu, samahani, linamsukuma mgeni mwekundu, na Mheshimiwa Bakunde mbele amevaa joho.

"Hongera, Bi Mwatime!"

"Hongera ya nini, baba?"

"Umepata mgeni wa taifa. Mtukufu amekuteua wewe, katika maelfu, kuwa mwenyeji wake. Atalala chumba cha ndani."

"Mheshimiwa, chumba cha ndani kina mwenyewe. Mwanangu yuko njiani anakuja kujifungua."

"Mwana si mgeni, mama. Mwana ni wa nyumbani, na wa nyumbani hulala popote. Au mila umeisahau?"

Hakuwa ameisahau. Mila ni kweli ilisema hivyo. Akajaribu pengine. "Basi atakaa mpaka lini?"

Umati mzima ukashika midomo. Hakuna ufedhuli mkubwa Mwarandu kuliko kuuliza mgeni ataondoka lini naye mwenyewe anasikia. Mheshimiwa Bakunde alikimbilia mbele akaziba masikio ya Motokaa, yaani zile taa mbili, kwa viganja vyake vyote viwili. "Mama huyu amechoka," akamnong'oneza. "Usimweke moyoni."

Wakaingia. Kitanda cha Fundi Shauri kikabebwa juujuu na maua yake, kikatupwa uani karibu na banda la kuku, na shuka jeupe likaburuzwa nyuma yake. Motokaa akasukumwa mpaka chumba cha ndani. Akaoshwa magurudumu kwa maji ya waridi, kama mgeni yeyote anavyooshwa miguu. Akatengewa sinia la pilau juu ya boneti. Kinywaji chake kilikuja katika madebe, na kwa kuwa si adabu mgeni kunywea debe, walimwaga maji ya Bi Mwatime ya kunywa wakaijaza mitungi petroli. Bi Mwatime alisimama kizingitini na ungo wake mkononi. Alitaka kusema, lakini kila neno alilolifikiria lilikuwa ni la kumkosea mgeni.

Nargisi alifika kesho yake, miguu imevimba, uso umemjaa jasho.

"Mama, mbona kitanda cha baba kiko nje?"

"Tumepata mgeni, mwanangu."

"Mgeni gani wa kukosesha mzazi kitanda? Na hii harufu?"

"Ni wa ng'ambo."

Nargisi akachungulia chumbani. Akatazama kwa muda mrefu, kisha akashika tumbo kwa mikono miwili, akaketi chini palepale. Uchungu wa kwanza ulikuwa umeanza. Bi Mwatime akamlaza kwenye kitanda kile uani, akafukuza kuku, akajifunga kanga, akatoka mbio.

Alikwenda kwanza dukani. Bwana Rumboldi alikuwa anapanguza kioo chake, duka sasa tupu, na mbele yake foleni ya wakubwa waliokuja kuagiza wa kwao. Maana waziri gani angekubali Mtukufu ana mgeni naye hana?

"Bwana wee, nakuomba kwa jina la mama yako, mchukue mtu wako. Mwanangu anataka kuzaa."

"Kumchukua?" Bwana Rumboldi alishangaa kikweli, hakuigiza. "Mama, hapa tunauza." Kisha akamtazama kwa upendo. "Umekaa kiti chake cha nyuma? Ngozi tupu ile! Huko kwetu watu wangetoa jicho." Akampa picha ya Motokaa akiwa milimani na bibi mmoja mwenye kitambaa shingoni anacheka. Bi Mwatime akaishika tu, hakujua aitie wapi.

Akaenda kwa Mheshimiwa Bakunde, akapiga magoti.

"Inuka, Bi Mwatime, inuka. Kwani wasia wa wazee hukuusikia? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kesho ndiyo ya tatu. Akishashika jembe si mgeni tena, ni wa nyumbani, na wa nyumbani hulala popote. Tutamtoa hata uani. Mila inakulinda!"

Alirudi anakimbia na tumaini kama msichana. "Jikaze, mwanangu," akamwambia Nargisi, akimpangusa paji la uso. "Jikaze mpaka kesho tu. Kesho anapewa jembe."

"Mama, mimi nitajikaza. Huyu wa ndani je, anajua mambo ya kesho?"

Alijikaza hivyohivyo, mdomo amejaza upindo wa kanga. Kesho yake tarumbeta zikarudi. Jembe jipya lililofungwa utepe likaegemezwa kwenye gurudumu la Motokaa. Mheshimiwa Bakunde alihutubia kwa kifupi mpaka askari wawili wakaanguka kwa jua. Alisifu kazi, alisifu jasho, alisifu udongo wa Mwarandu ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuushika. Kisha akageuka.

"Mgeni wetu mpendwa, chukua jembe."

Motokaa kimya.

"Chukua jembe, ndugu."

Kimya. Uani Nargisi aliguna, na Bi Mwatime akajikuta anamsihi Motokaa kwa sauti, "Shika, baba. Shika tu hata kidogo, hutalima." Bwana Rumboldi, akiona aibu inakaribia biashara yake, akaenda mbele akazungusha hendeli kwa nguvu. Motokaa akakohoa, akanguruma, akatetemeka mwili mzima, na jembe likadondoka chini. Chumba kikajaa moshi.

"Amekataa," akasema Mheshimiwa Bakunde.

Wakubwa wakakaa kando kushauriana. Bi Mwatime alisubiri. Alikuwa na hakika sasa, maana mgeni gani anakataa jembe akaachwa? Hufukuzwa mchana kweupe, na watoto wakampigia makopo. Hata yeye alikuwa ameshaokota kopo.

"Kwa kifupi," Mheshimiwa alisema walipomaliza, "suala limetatuliwa. Tumejiuliza hivi: ni nani ndani ya nyumba awezaye kupewa jembe, akalitupa, na asifanywe kitu? Ni mtu mmoja tu. Mwenye nyumba. Na huyu hatuwezi kumfanya kitu, kwa kuwa ni wa Mtukufu. Basi imedhihirika kwamba Motokaa ndiye mwenye nyumba hii."

"Nyumba ya nani?" Bi Mwatime alipiga ukelele. "Nyumba alijenga Fundi Shauri! Mimi ndiye niliyekandika kuta hizi kwa mikono hii! Haya, kama yeye ni mwenyeji, mimi ni nani?"

Mheshimiwa akatabasamu kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali alilolifanyia maandalizi. "Nyumba haina wenyeji wawili, mama, kama nchi isivyo na Watukufu wawili. Wewe na binti yako ni wageni. Karibuni sana!"

"Ahsante," akasema Bi Mwatime.

Lilimtoka tu. Mtu akikaribishwa husema ahsante, ndivyo alivyolelewa, ndivyo tulivyolelewa sote. Alijiziba mdomo kwa kiganja lakini karani alikwisha kuandika, na askari walikwisha kumvua viatu waanze kumwosha miguu kwa maji ya waridi. Alikuwa amekaa hivyo, miguu yake ndani ya beseni, amezuiwa mabega kwa heshima zote, aliposikia kilio chembamba kutoka uani.

Alikuwa mtoto wa kike. Alizaliwa juu ya kitanda cha babu yake kama ilivyotakiwa, ila juu yake palikuwa na mbingu, na jogoo amesimama upande wa kichwani. Bi Mwatime alimfikia akiwa bado na miguu mitupu inayonukia waridi. Akamfunika kwa shuka lile lenye vumbi, akalia. Hakulia kwa kujificha. Alilia kwa sauti, akimwomba radhi marehemu mumewe, akimwomba radhi na yule mtoto. Nargisi akamwambia kwa sauti ndogo, "Nyamaza, mama. Utamtisha."

Sitaki mseme kwamba serikali ya Mwarandu haina utu. Wageni wale walitunzwa vizuri ajabu. Pilau lilikuja kutoka ikulu, na nyama ya mbuzi. Mheshimiwa Bakunde alifika mwenyewe kuwajulia hali, akakaa juu ya kinu. Hakuna aliyewauliza wataondoka lini. Bi Mwatime alipotaka kufagia alinyang'anywa ufagio, maana mgeni hafanyi kazi. Alipoomba aingie chumbani mara moja tu, achukue winda alizomshonea mjukuu, zilizokuwa ndani ya sanduku lake mwenyewe, askari wa mlangoni alisikitika sana.

"Mgeni hafungui sanduku la mwenye nyumba, mama. Hebu fikiria mwenyewe, ingekuwa ni nyumba yako."

Mjini nako kulikuwa na kazi moja tu. Meli nyingine ilitarajiwa na wageni wengine wekundu na weusi wa akina waziri, na kila mtu alikuwa anaziba mlango wake kwa matofali ili uwe mwembamba. Waliziba kwa bidii hata jirani wa Bi Mwatime, mtu wa kitambi, akajikuta amebaki ndani, ikawa analishwa kupitia dirishani. Alimwonea wivu Bi Mwatime. "Wewe angalau uko nje," alimwambia.

Lakini Motokaa naye hakuwa na raha. Bwana Rumboldi alieleza ikulu kwamba motokaa akikaa bila kwenda huvunjika viungo, na kwamba sasa anahitaji barabara, pana na iliyonyooka, kutoka mlangoni kwake mpaka dukani kwa matengenezo. Mtukufu aliuliza barabara hiyo itakuja lini, kwa kuwa aliambiwa huja zenyewe. Bwana Rumboldi akamtazama Mheshimiwa Bakunde, na Mheshimiwa Bakunde akahesabu siku kwa vidole vyake, akafika cha tatu, akachangamka.

Asubuhi ile tarumbeta zilisikika tangu mbali. Bi Mwatime alikuwa ameketi kitandani uani, mjukuu mapajani, Nargisi amelala ubavuni mwake bado hajapata nguvu ya kusimama. Hakuna aliyebisha hodi, kwa kuwa mwenye nyumba hakatazi. Mheshimiwa aliingia na joho lake, na nyuma yake askari mwenye majembe yaliyofungwa utepe.

"Wageni wetu wapendwa," akasema, "wasia wa wazee mnaujua, na barabara inangoja."

Jembe la kwanza akampa Bi Mwatime. La pili likalazwa juu ya miguu ya Nargisi. Bi Mwatime akayatazama, akatazama mkono wa askari, akaona limebaki moja. Lilikuwa dogo, la mpini mfupi, limepigwa msasa vizuri mno mpaka linang'aa. Ilionekana fundi aliyelitengeneza alikuwa na huruma.

"Mheshimiwa, hapana," akasema. "Mimi nitalima sehemu yake. Nitalima ya wote wawili, nipe mimi. Kachanga haka ka siku tatu, baba. Hata shingo haijakaza."

"Ni mgeni kama nyinyi, Bi Mwatime. Tukimnyima yeye itakuwa tumembagua. Hata hivyo serikali haimlazimishi mtu. Akilikataa, kama alivyolikataa Motokaa, tutalazimika kufikiri upya."

Bi Mwatime akamwinamia mtoto, midomo kwenye sikio lake. "Kataa, mama," akamnong'oneza. "Kataa, roho yangu. Nyumba ni yako. Kataa tu."

Mheshimiwa Bakunde akausogeza ule mpini taratibu mpaka ukagusa kiganja cha mtoto. Nanyi mmezaa, mmelea, mnajua. Mtoto mchanga ukimgusa kiganjani hushika, awe anapewa kidole cha mama au kitu chochote.

Akashika.

"Mnamwona!" Mheshimiwa alipaza sauti, machozi ya kweli yakimlengalenga. "Huyu ndiye mwananchi!"

Tarumbeta zikalia, ndani chumbani mtu akazungusha hendeli, na Motokaa akanguruma kwa ajili ya barabara yake. Bi Mwatime hakuyasikia. Alikuwa ameinama juu ya kile kiganja anajaribu kukifungua, kidole kimoja kimoja, polepole asije akamuumiza, na kila alipokibandua kimoja, vingine vilizidi kukaza.